Mikono yangu imo tumboni mwa mgonjwa, nimsimamieje mtu wa usingizi?

Shikamoo mshauri,

Naomba jina langu lisitoke na kituo ninachofanyia kazi kisitajwe. Nimejikaza kuandika kwa kuwa mficha uchi hazai, na jambo lenyewe siwezi kulisema kazini.

Mimi ni daktari katika kituo cha afya cha serikali mkoani Tanga. Kwa gari la wagonjwa, kutoka kwetu hadi hospitali ya rufaa ya Bombo ni zaidi ya saa moja barabara ikiwa kavu. Masika yakikolea, Mungu ndiye ajuaye. Si mwenyeji wa pwani. Nililetwa na ajira baada ya kumaliza mafunzo ya vitendo, nikapokewa vizuri, na sasa nikienda likizo kwetu naikumbuka Tanga.

Tuna chumba cha upasuaji, na kazi yake kubwa ni kinamama walioshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Daktari bingwa wa usingizi hatuna. Tunaye muuguzi mmoja aliyesomea usingizi, mama mwenye umri wa mama yangu mzazi, amebakiza muda mfupi astaafu. Namwita Mama. Yeye ananiita mwanangu tukiwa nje, na Daktari tukiingia thieta. Ndiye aliyenitafutia nyumba. Ndiye aliyenionyesha, kwa kukunja shuka na kuisukuma chini ya nyonga ya kulia ya mgonjwa, namna ya kumwinamisha kidogo upande wa kushoto ili mimba isigandamize mshipa mkubwa wa damu. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni, lakini nilijua kuyafanya kwa kumtazama yeye.

Usiku mmoja hivi karibuni aliletwa mama wa mimba ya pili, uchungu umesimama, mapigo ya mtoto yanashuka. Mama akamchoma sindano ya mgongo, ganzi ikashika, nikaanza. Mtoto alitoka amechoka, hakulia. Mkunga wa zamu alikuwa wodini na mzazi mwingine, kwa hiyo Mama akaondoka kichwani mwa mgonjwa akaenda kumkausha mtoto na kumpa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma pumzi kwa mkono. Ndivyo tunavyofanya siku zote, maana hakuna mtu mwingine. Mimi nilikuwa nashona mfuko wa uzazi. Nikamsikia mgonjwa akisema kwa sauti ndogo kwamba mikono imekufa ganzi na pumzi haipandi. Nikainua macho kwenye mashine. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kilikuwa kimechomoka, kinaning'inia kwenye waya pembeni mwa kitanda, na skrini ilionyesha vistari vitupu.

Nikaita. Mama alirudi mbio, akaweka oksijeni, akafungua dripu yote, akachoma efedrini ya kupandisha presha, na mgonjwa alipoacha kupumua akampulizia kwa ambu mpaka pumzi ikarudi. Tuliwapeleka Bombo usiku uleule. Mzazi yuko salama. Mtoto alilazwa na watoto wachanga, naye ametoka, ila wazazi wameambiwa wawe wanamrudisha kliniki kufuatiliwa ukuaji.

Asubuhi yake nikiandika maelezo ya operesheni niliiona chati ya usingizi. Presha imejazwa kila baada ya dakika tano: 118/76, 120/78, 118/74, imenyooka hivyo kuanzia juu hadi chini, kwa wino mmoja. Oksijeni ni asilimia 98 muda wote, hata zile dakika ambazo kibanio kilikuwa kinaning'inia. Chini kabisa kuna nafasi ya "daktari msimamizi", iko wazi. Mama akaniambia, "Mwanangu, weka sahihi hapo tufunge jalada." Nikamjibu kwamba nina mgonjwa wodini, nitarudi. Sijarudi mpaka leo, na yeye hajaniuliza tena, ila salamu zake zimepoa.

Mume wa yule mzazi amekuja mara mbili kuomba nakala ya jalada. Hapayuki, anauliza kwa adabu, na anasema ana ndugu yake wakili. Baada ya hapo mganga mfawidhi akatuita madaktari, akasema kuanzia sasa kila operesheni daktari anayepasua atie sahihi kama msimamizi wa usingizi. Mwenzangu ananiambia nisithubutu. Anasema sheria inamhesabu mpasuaji kuwa nahodha, chombo kikizama ni chake, awe ameshika usukani au hakuushika. Mume wangu anataka niombe uhamisho.

Mshauri, nikitia sahihi, nimebeba makosa yote ya usingizi, fani ambayo sikuisomea? Nisipotia, si nitakuwa nimemtupa mama aliyenilea kazini, na kiinua mgongo chake kiko karibu? Na nitamsimamiaje mtu aliye nyuma ya pazia wakati mikono yangu imo tumboni mwa mgonjwa?

Daktari mwenye mashaka, Tanga

Mshauri anajibu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na pole kwa siku zilizofuata. Nimebadilisha mambo mawili matatu katika barua yako ili kituo kisitambulike, nawe usishtuke ukiyaona.

Kabla ya yote nataka nikwambie jambo ambalo hukuliuliza. Mzazi aliacha kupumua katika kituo kilicho zaidi ya saa moja kutoka hospitali ya rufaa, usiku, mikononi mwa watu wawili waliokuwa pia na mtoto asiyelia, na mzazi na mtoto leo wako hai. Umeandika habari hiyo kwa mistari miwili na kupita. Nitairudia baadaye.

Nimeisoma barua yako naona umefunga mambo matatu katika kifurushi kimoja. Liko la utaratibu mpya wa kusaini kama msimamizi. Liko la mume wa mzazi na wakili wake. Na iko chati ya usiku ule. Maswali yako yanahusu la kwanza, lakini mimi nadhani la tatu ndilo linalokunyima usingizi. Nitaanza na lile uliloliuliza.

Habari ya nahodha mwenzako hakuibuni. Ilitamkwa na Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwaka 1949, katika kesi ya McConnell dhidi ya Williams. Nayo pia ilihusu operesheni ya kujifungua. Daktari alimpasua mzazi, akamkabidhi mtoto kwa daktari mwanafunzi, na yule mwanafunzi akamtia mtoto dawa ya macho isivyotakiwa, mtoto akapofuka jicho moja. Mahakama ikasema baraza la wazee wa mahakama linaweza kumwona mpasuaji kuwa ndiye mwenye amri ndani ya chumba kile, mfano wa nahodha, akawajibika kwa kosa la aliye chini yake. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani waliishi na hofu hiyo, na ilipofika kwa wauguzi wa usingizi ikawa kubwa zaidi, kwa sababu huko ni wengi na mara nyingi wanafanya kazi na mpasuaji peke yake. Lakini mahakama nyingi za huko zimeachana na wazo la nahodha. Siku hizi zinauliza swali jembamba zaidi: katika tendo lile lililoleta madhara, huyu daktari aliliongoza? Alichagua dawa, aliamuru kipimo, aliona hatari akanyamaza? Kuwa na cheo cha msimamizi peke yake hakutoshi.

Hiyo ni Marekani, na sheria yake haituhusu. Sisi msingi wetu wa madai ya uzembe umetokana na sheria ya Uingereza, iliyopokewa huku kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na maamuzi ya majaji wa kule hayazifungi mahakama zetu ila huyatazama. Anayedai lazima aonyeshe kwamba ulikuwa na wajibu kwake, kwamba ulifanya chini ya kiwango cha mtaalamu wa kada yako mwenye ujuzi wa kawaida, na kwamba madhara yametokana na hilo hasa. Kipimo hicho cha kada kinatokana na kesi ya Bolam ya huko Uingereza, ya 1957. Kwa hiyo wewe utapimwa kama daktari wa upasuaji wa kituo cha afya, na Mama atapimwa kama muuguzi wa usingizi. Ana leseni yake na anawajibika kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya sheria ya 2010. Wewe unawajibika kwa Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya 2017. Unapoandika kwamba utabeba makosa "yote" ya usingizi, naomba ulitazame upya neno hilo. Yeye ni mtaalamu kamili, na sahihi yako haimfuti.

Tena kituo ni cha halmashauri, na mwajiri huwajibika kwa makosa ya wafanyakazi wake wakiwa kazini. Anayetaka kudai hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika kesi. Basi picha unayoiona usiku, ya wewe peke yako kizimbani na mshahara wako umeshikwa, si njia ambayo madai ya namna hii huanzia. Sisemi huwezi kutajwa. Unaweza. Na jinai ni mlango mwingine: Kanuni ya Adhabu inamgusa anayetoa tiba kwa uzembe wa kuhatarisha uhai, kama inavyomlinda anayepasua kwa nia njema na kwa uangalifu na ujuzi unaostahili.

Sasa niulize lililo gumu, nawe nisamehe. Umesema Mama kuondoka kichwani mwa mgonjwa kwenda kumpokea mtoto ndivyo mnavyofanya siku zote. Ulilijua hilo. Mganga mfawidhi bila shaka analijua. Mtu akitaka kukuhoji juu ya usimamizi ataanzia hapo: ulipojua kwamba kwa dakika kadhaa hakuna jicho kwenye mashine, ulifanya nini? Ulisema na nani? Swali hilo litakuwepo ukiwa umetia sahihi au hukutia. Ndiyo maana naona mwenzako anakupa ulinzi mdogo kuliko anavyodhani. Nafasi ikibaki wazi, bado wewe ndiye daktari uliyekuwa chumbani ukijua mazoea yenyewe.

Kuna kesi ya Uingereza napenda uijue, ya Wilsher, mtoto njiti aliyepewa oksijeni kupita kiasi kwa sababu daktari mchanga alipitisha mrija wa kupimia oksijeni kwenye mshipa usio sahihi. Mahakama ya Rufani mwaka 1986 haikumpunguzia kipimo kwa uchanga wake. Ilisema kiwango kinafuata nafasi anayoishika mtu. Lakini haikumwona mzembe, kwa sababu alimwita mkubwa wake aje ahakiki. Aliyeangukiwa na lawama ni mkubwa aliyekagua na asione. Kisha shauri lilipofika juu kabisa, mwaka 1988, likarudishwa likasikilizwe upya, kwa kuwa upofu wa mtoto ungeweza kuwa umetokana na sababu kadhaa na haikuthibitishwa ni ipi. Nalitaja kwa ajili ya mtoto wenu. Mapigo yake yalikuwa yanashuka kabla hujashika kisu. Hiyo haimponyi mtoto wala haimtulizi baba yake, ila ina maana kwamba si kila kitakachomtokea mtoto yule kimeanzia kwenye kibanio kilichochomoka.

Na sindano ya mgongo yenyewe ina historia mahakamani. Mwaka 1947, huko Chesterfield, wanaume wawili walichomwa sindano hiyo siku moja, wakapooza. Vichupa vya dawa vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya fenoli, dawa kali ya kuua vijidudu, nayo ikapenya kwenye nyufa zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1954, katika kesi ya Roe, mahakama ilikataa kumlaumu daktari wa usingizi, maana wakati ule hatari hiyo haikuwa ikijulikana, na Jaji Denning akaonya kwamba ajali ya 1947 isitazamwe kwa miwani ya 1954. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1994, kesi ya Adomako iliishia kwingine. Bomba la hewa lilichomoka kwenye mashine katikati ya operesheni ya jicho, daktari wa usingizi akashindwa kulitambua, mgonjwa akafa, na hukumu ya kuua bila kukusudia ikathibitishwa.

Wewe na Mama mko wapi kati ya hizo mbili? Siwezi kusema, na nakuomba usijihukumu haraka. Ganzi ya mgongo kupanda juu mpaka ikagusa mikono na pumzi, kama ilivyompata mgonjwa wenu, ni hatari inayojulikana, na humtokea hata mwenye mkono mzuri. Hatari inayojulikana huandaliwa: efedrini iwe karibu, ambu iwe karibu, na mtu abaki kichwani. Viwili vya kwanza mlikuwa navyo. Cha tatu mlikikosa kwa sababu watu wawili walihitaji mikono minne zaidi, na upungufu huo hamkuuleta ninyi kazini.

Nije kwenye chati.

Umeisoma kama mtu anayeficha. Yawezekana. Yawezekana pia ni mwanamke aliyekesha, aliyerudi alfajiri akakuta visanduku vitupu, akavijaza kwa mazoea kama anavyovijaza siku ambazo kila kitu kimekwenda sawa. Mikono ikiwa na ambu haiwezi kushika kalamu. Hujamuuliza, na mpaka umuulize hujui.

Ila tazama hiyo chati imemfanyia nini yeye mwenyewe. Haionyeshi presha kushuka, kwa hiyo haionyeshi kwamba aliipandisha. Haionyeshi mgonjwa kuishiwa pumzi, kwa hiyo haimo ile ambu iliyomrudisha. Kila alichokifanya vizuri usiku ule kimefutika. Wakili akiishika hatahangaika nayo sana. Ataiweka kando ya barua ya rufaa uliyoiandika kwenda Bombo, ambayo bila shaka inaeleza kwa nini mlimpeleka, na karatasi hizo mbili zitabishana mbele ya hakimu. Halafu yupo mzazi mwenyewe. Sindano ya mgongo haimlazi mtu usingizi. Alikuwa macho, na anakumbuka mikono yake ilipokufa ganzi.

Ukitia sahihi chini ya tarakimu hizo, unathibitisha kitu ambacho macho yako yaliona kinyume chake. Sitakutisha kwa maneno makali, lakini ujue kwamba kughushi katika Kanuni ya Adhabu ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na mabaraza ya taaluma hulitazama jalada lililochezewa kwa ukali ambao mara nyingi hawamtazami nao mtu aliyekosea kazi. Madai ya uzembe kwa kawaida yana ukomo wa miaka mitatu. Kwa mtoto, muda huo hauanzi kuhesabiwa mpaka awe mtu mzima. Mtoto huyu anafuatiliwa kliniki. Jalada lake linaweza kufunguliwa Mama ameshastaafu siku nyingi na wewe uko mkoa mwingine, na kitakachosema ni yale mliyoyaandika.

Usiposaini ukakaa kimya, kama ulivyofanya hadi sasa, unajilinda nusu. Lakini ukimya huo unamwambia Mama jambo, naye ameshalisikia. Ndiyo hizo salamu zilizopoa. Anaweza kudhani unamwandalia mashtaka, akaanza kujitetea dhidi yako, na hapo mtapambana watu wawili ambao ushahidi wenu wa kweli unasaidiana.

Ipo njia ya kuzungumza naye kwanza. Taaluma zenu zinaruhusu maelezo ya nyongeza: yaliyoandikwa zamani yanaachwa yasomeke, kisha chini yake mtu anaandika anachokumbuka, kwa tarehe na saa ya siku anayoandika, na sahihi yake. Mama anaweza kuandika ya kwake. Wewe unaweza kuandika ya kwako kama mpasuaji: ulichosikia, ulichokiona kwenye skrini, uliita lini, alifanya nini. Hatari yake uijue. Baba ameshaomba jalada, na karatasi mpya ikiingia kimyakimya baada ya maombi hayo itaonekana ni ujanja hata ikiwa kweli tupu. Kwa hiyo mganga mfawidhi lazima ajue kabla ya kalamu kugusa karatasi, na ni vema mwanasheria wa halmashauri aulizwe, na wewe umuulize wa kwako. Chama cha Madaktari Tanzania kinaweza kukuelekeza kwa nani. Hatari nyingine ni kwamba Mama akatae, aone umemvunjia heshima. Ikiwa hivyo, maelezo yako ya operesheni ni yako peke yako, na hakuna anayeweza kukuzuia kuandika ndani yake ulichokiona.

Ukimwendea, mimi nisingependa uanze na sahihi. Anza na usiku wenyewe. Mwulize aliona nini aliporudi kichwani, presha ilikuwa ngapi, alichoma efedrini kiasi gani. Mwache asimulie kama mtaalamu. Pengine atalifikia suala la chati mwenyewe.

Kuhusu utaratibu mpya wa kusaini, naona una haki ya kumuuliza mganga mfawidhi, kwa barua na kwa adabu, sahihi ile inashuhudia nini. Kwamba ulimwona mgonjwa kabla na mkakubaliana aina ya usingizi? Kwamba dawa zilihakikiwa kwa watu wawili kabla ya kuchomwa? Hilo la dawa usilidharau. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa sababu kichupa cha asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, kilikuwa kikichanganywa na cha dawa ya ganzi na kuchomwa mgongoni, na watu wakafa. Mambo hayo unaweza kuyashuhudia kwa dhamiri safi kabla hujavaa glavu. Lakini kama sahihi inamaanisha ulikuwa ukiangalia mashine dakika kwa dakika huku unashona, hilo hakuna binadamu anayeliweza, na ni afadhali liandikwe sasa kuliko kubishaniwa baadaye.

Katika barua hiyohiyo unaweza kuomba mtu wa tatu wa kumpokea mtoto. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2008, inawataka waliomo chumbani wasimame kabla ya ganzi na kabla ya kisu na waulizane. Ongezeni swali lenu: nani anampokea mtoto, na nani habanduki kichwani? Usitegemee utapata mtu mara moja. Na usijifunge kwa ahadi kwamba hutapasua mpaka awepo, kwa sababu atakuja mama mwingine, uchungu umesimama na mapigo ya mtoto yanashuka, na kumwacha nalo ni kosa la aina yake. Lakini ombi lililoandikwa linaonyesha kwamba uliijua hatari na ulimwita mkubwa wako, na mganga mfawidhi akishalipokea hawezi tena kusema halikumfikia. Huenda hata yeye akalihitaji ili aombe watumishi kwa mganga mkuu wa wilaya.

Uhamisho sikukatazi. Mume wako anakupenda na anaona unavyokonda. Ila jiulize huko utakakokwenda kama kuna bingwa wa usingizi. Vituo vingi vya afya vinavyopasua viko kama chenu, na jalada la Tanga halitahama nawe wala halitafungwa kwa kuhama kwako.

Nimemfikiria sana yule baba. Amekuja mara mbili, hakupayuka, ameomba karatasi. Je, kuna mtu aliyekaa naye akamweleza kwa Kiswahili cha kawaida mke wake alipatwa na nini? Wapo wanaokwenda kwa wakili kwa sababu wanataka fidia, na ni haki yao. Wapo wanaokwenda kwa sababu kila wakiuliza wanaambiwa waje kesho. Usimwendee peke yako. Chochote utakachosema kinaweza kurudi kama ushahidi, na nawe una hisia nyingi juu ya jambo hili. Mshauri mganga mfawidhi aitishe kikao, akiwepo yeye, wewe, na Mama kama atakubali. Kumwambia mtu "pole kwa yaliyowapata, na tutakueleza tunachokijua" si kukiri kosa.

Na barua ya wakili ikija kabla hujaamua lolote kati ya haya, usiijibu mwenyewe, usipige simu, usiguse jalada. Ipokee, andika tarehe uliyoipokea, mpelekee mganga mfawidhi siku hiyohiyo na ubaki na nakala. Mama naye mwambie afanye hivyohivyo.